Jeep ya 2012 au Harrier kwa mtu wa Mwanza? Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Nyavu_Kirumba

Mwangaluka wakuu, habari za wikiendi.

Niende kwenye mada moja kwa moja. Mimi nauza nyavu na vifaa vya uvuvi, duka liko Kirumba, kila wiki lazima nivuke kwenda Sengerema na Geita, wiki nyingine napanda Magu hadi Lamadi kule kwenye mialo. Tangu daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe Juni 2025 safari zimeongezeka sana maana zamani foleni ya kivuko ilikuwa inakula nusu siku, sasa hivi naenda Sengerema narudi na bado nafungua duka mchana. Natumia IST ya 2004 cc 1300, nimekaa nayo miaka sita haijawahi kunilaza njiani hata siku moja, ila imechoka na mzigo umezidi. Nyavu zikilowa ni nzito aisee, nikipakia nyuma gari inakaa chini mpaka nasikia tairi zinasugua kwenye fenda kila nikipita tuta.

Nina milioni 32 na kidogo. Nimeoneshwa gari mbili. Ya kwanza Jeep Grand Cherokee ya 2012, 3.6 petroli, usukani kulia, iko hapa hapa mjini na mwenye nayo anahama mkoa. Ya pili ni Toyota Harrier 240G ya 2007 iko yadi Nyakato, namba E. Bei zinakaribiana, Jeep imezidi laki nane tu.

Ukweli moyo wangu uko kwenye Jeep. Nilikaa ndani juzi, ule mlango ukifunga unasikia mlio mmoja mzito halafu kelele zote za nje zinakatika, nikapanda nayo ile njia ya Bugando nikiwa na watu wanne, gari haikuhangaika kabisa. Lakini kila ninayemuuliza ananiambia Mmarekani ni mzigo, nikiuliza kwa nini anasema spea, nikiuliza spea gani ananyamaza. Naomba mtu anieleze vizuri, hizi gari za Marekani ni mbovu kweli kuliko za Mjapani au ni maneno ya kijiweni? Na baada ya miaka mitatu nikitaka hela yangu, ipi itanirudishia?

---

Mtoto_wa_Igoma

Harrier mkuu. Hiyo Jeep ukiitangaza kuuza Mwanza utapokea simu za watu wa kuulizia bei tu, Harrier dalali anakupigia yeye. Mengine watakuja wataalamu.

---

FundiBuzuruga

Mkuu umeuliza vizuri, na mimi nitakujibu kama fundi, nina miaka 17 kwenye hii kazi na gari zote mbili nimezifungua kwa mikono yangu.

Kwanza tuondoe hilo neno mbovu. Injini ya hiyo Jeep inaitwa Pentastar, V6, ni ya cheni siyo mkanda, nguvu zake ni farasi kama 290. Chini gari imejengwa kwa msingi mmoja na Mercedes ML, maana Chrysler na Mercedes walikuwa kampuni moja kuanzia 1998 mpaka 2007 na kazi ya hilo umbo ilianza kipindi hicho, kwa hiyo ule mlango mzito ulioupenda hujakosea, umetengenezwa na watu wanaojua kutengeneza milango. Hata gia boksi ya gari za mwaka huo, ile ya gia tano, asili yake ni Mercedes.

Sasa yapo mambo yake yanayojulikana dunia nzima. Injini za 2011 mpaka 2013 baadhi zilitoka na kasoro kwenye hedi ya kushoto, yaani kile kichwa cha juu cha injini, silinda inaanza kukosa moto, gari inatetemeka ikiwa sailensi, na kampuni yenyewe ilikubali ikaongeza waranti ya hiyo hedi mpaka miaka 10. La pili ni lile boksi linalogawa umeme gari nzima, wanaliita TIPM. Ndani yake kuna rilei, yaani swichi ya umeme ya pampu ya mafuta, ikifa gari inazima barabarani au haiwaki kabisa. Gari za 2011 ziliitwa kurudi mwaka 2014, za 2012 na 2013 zikaitwa mwaka uliofuata, wakawa wanafungiwa rilei ya nje bure. Hiyo yako ni ya 2012. Huko kwao mtu alipata barua akapeleka gari ikatengenezwa wakati anakunywa kahawa. Hii iliyoko Mwanza ilitengenezwa? Hilo swali muulize mwenye gari kabla ya yote, halafu mfungue boneti muangalie wenyewe kama rilei ya nje ipo.

La tatu, kitako cha filta ya oili. Ni plastiki, kimekaa katikati ya zile hedi mbili chini ya manifodi, joto likikipiga miaka kinapasuka na oili inatuama humo bondeni, wewe ukifungua boneti ukiangalia juu unaona injini kavu inang'aa. Inabidi umulike kwa tochi kutokea nyuma karibu na gia boksi ndio unaona unyevu. Kukibadilisha lazima ung'oe manifodi mbili.

Kazi hizo zote zinafanyika. Mimi nimezifanya. Ila njoo uangalie boksi la spana la fundi yeyote hapa Buzuruga, utakuta namba 10, 12, 14 na 17 zimesuguka mpaka zinang'aa, halafu 13, 15 na 18 bado zina rangi ya dukani. Mjapani anafunga gari yake kwa zile za kwanza. Mmarekani wa siku hizi na Mzungu wanafunga kwa zile za pili na soketi za nyota. Fundi asiyekuwa na 13 anafanya nini? Anapiga na 14, bolti inakula kona, ikishakula kona basi hapo ndio gari imeanza kuharibika, na aliyeiharibu ni sisi.

Hiyo IST yako koili yake inashikwa na bolti moja namba 10, unaivua dakika mbili hata taa ya simu inatosha. Na ikifa, injini ya familia ya NZ imefungwa kwenye Vitz, IST, Probox, Funcargo, Spacio ile ya pili, Runx, Sienta, Porte, hesabu mwenyewe ni gari ngapi hapo zinapita Nyerere Road kwa saa moja. Kwa sababu hiyo muuza spea hapa Nyakato yuko tayari kununua koili 20 akaweka kwenye shelfu, ana uhakika kabla ya Ijumaa zimeondoka. Koili ya Pentastar atainunua ngapi? Moja, au hanunui. Akiwa nayo moja anajua ukija umeshakwama, bei ataipanga yeye.

Harrier nayo isikudanganye. Hiyo 240G ina injini ya 2AZ, lita 2.4, na hii injini ina magonjwa yake mawili. Zile za miaka ya kati zilikula oili mpaka Toyota Marekani wakaongeza waranti kwa wateja wa Camry zenye injini hiyo hiyo. Na zile za mwanzo mwanzo uzi wa bolti za hedi nyuma kwenye bloku unang'oka, gari inaanza kupoteza maji kidogo kidogo bila kuonesha linakotoka, halafu siku moja unapanda mlima na mzigo inachemsha. Mtu akikuambia Toyota haiharibiki huyo anakuuzia.

---

Nyavu_Kirumba

Fundi asante sana, hii ndio nilikuwa naitafuta. Kwa hiyo kama ile rilei ipo na hedi nzima, Jeep inafaa?

---

FundiBuzuruga

Inafaa kuendesha. Kama inafaa kwa kazi yako ya kulala Lamadi na nyavu za watu, hilo bado sijasema.

---

DadaNyegezi

Kaka Nyavu mimi naomba nikusimulie yangu, ujifunze kabla hujatoa hela.

Mwaka 2019 nilinunua SUV ya kimarekani, kampuni sitaitaja. Niliipenda hivyo hivyo unavyoipenda wewe. Nilikwenda nayo Dar mara mbili, nikitoka Mwanza alfajiri naingia Singida sijachoka mgongo, inashika barabara hata ukipishana na basi linalokuja kwa kasi haitikisiki, na nilikuwa na watoto wadogo nyuma nikajiona niko salama. Hilo siwezi kulikana mpaka leo, kwenye barabara ndefu sijapata gari nyingine iliyonipa raha ile.

Sasa siku moja natoka Bunda kwenye msiba, tumepita Lamadi kidogo, gari ikazima. Nikizungusha ufunguo taa za dashibodi zinawaka zote halafu zinazima zote. Jua la saa nane, mama yangu yuko mbele ana presha. Fundi wa Lamadi alikuja na pikipiki, akafungua boneti, akaangalia, akaniambia dada mimi hii naomba nisiiguse, nitakuongezea tatizo. Nilimheshimu sana yule kijana. Tukavutwa mpaka Mwanza na Canter, kamba ikakatika mara mbili.

Hapa mjini mafundi watatu walikuja na mashine zao, mashine ya kwanza ilisoma gari nusu, ya pili haikuunganisha kabisa, wa tatu ndio akasoma akasema ni moduli ya ufunguo, inatakiwa mpya na ikija lazima ifundishwe kwenye kompyuta ya kampuni. Moduli iliagizwa Dubai ikapitia Dar. Wiki tatu na siku tano. Mtu wa kuifundisha alikuja kutoka Dar kwa basi, nikamlipa nauli, hoteli na kazi, alifanya dakika arobaini akaondoka. Gharama yote ilikuwa karibu sawa na kufanya ovaholi ya injini ya Toyota.

Siwezi kusema ilikuwa gari mbaya. Ilikuwa gari ya watu ambao mashine yake wanayo na duka lake liko mtaa wa pili. Niliinunua 38, baada ya miaka miwili na nusu nikaiuza 17, na huyo wa 17 nilimtafuta miezi mitano. Nikiitaja jina watu wanasifia, wakisikia bei wanasifia zaidi, halafu hawapigi tena.

---

Ranger_Geita

Wakuu poleni na majukumu. Nimesoma nimeona mnasema Mmarekani Mmarekani, sasa naomba niulize, Mmarekani yupi?

Mimi naendesha Ford Ranger ya kazi, kampuni yetu inafanya ukandarasi mgodini Geita, gari ni ya 2015, dizeli 2.2, ina kilomita laki tatu na ishirini elfu. Ford ndiyo jina la Marekani lakini hii gari ilichorwa Australia na imeundwa Afrika Kusini, kiwanda cha Silverton pale Pretoria, usukani umezaliwa kulia. Spea zinapanda na malori kutokea huko huko kusini. Kwa hiyo hii huwezi kuiweka kapu moja na gari iliyotengenezwa Detroit kwa ajili ya mtu wa Detroit. Na zile Ranger za kabla ya 2011 ndani yake ni Mazda BT-50 kabisa, maana Ford alikuwa na hisa nyingi Mazda miaka ile, fundi wa Mazda anaitengeneza bila kuuliza.

Kuna kitu kingine. Mmeshaona Toyota Voltz hapa mjini? Zipo. Hiyo gari ina nembo ya Toyota, injini ya Toyota 1.8, watu wanaiita Mjapani, lakini imeundwa Fremont, California, kwenye kiwanda cha ubia wa General Motors na Toyota kilichoitwa NUMMI, ikapakiwa meli ikaenda kuuzwa Japani kati ya 2002 na 2004, ndio ikatufikia sisi mtumba. Mmarekani amesafiri kwenda Japani akarudi Mwanza ana jina la Kijapani.

Na historia ya kile kiwanda inanigusa sana kila nikiifikiria. General Motors walikifunga 1982, kilikuwa na sifa mbaya, gari zinatoka na kasoro na wafanyakazi hawaji kazini. Toyota wakaja 1984, wakawaajiri wengi wa wale wale, mikono ile ile, wakawafundisha utaratibu wao kwamba mfanyakazi yeyote akiona kosa avute kamba mstari usimame lirekebishwe hapo hapo, lisipelekwe mbele. Ndani ya muda mfupi gari zinazotoka pale zikawa zinalingana na za Japani. Kwa hiyo mtu akisema Mmarekani hajui kutengeneza gari hapo namkatalia, utaratibu ndio ulikuwa mbovu. Na huo utaratibu wenyewe wa kupima ubora, Wajapani walisomeshwa na Mmarekani, Deming, aliyekwenda kuwafundisha 1950, mpaka leo wanatoa tuzo kwa jina lake. Kwao walichelewa kumsikiliza. (Kiwanda chenyewe kilifungwa 2010, sasa hivi ni cha Tesla.)

Na Mjapani si malaika. Toyota mwaka 2014 walikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa sababu waliwaficha wateja matatizo ya gari kukimbia zenyewe. Nissan gia boksi zao za CVT (otomatiki zisizo na hatua za gia) za 2003 mpaka 2010 waliongeza waranti kule Marekani baada ya malalamiko. Daihatsu Desemba 2023 walikiri majaribio ya usalama yalichezewa miaka mingi.

---

DadaNyegezi

Umeongea vizuri kaka, ila Nyavu haulizii Ranger, anaulizia Jeep. Hata hiyo Voltz ukiitazama imepona kwa sababu injini yake iko kwenye gari nyingine nyingi.

---

Ranger_Geita

Ni kweli dada, hapo sibishi. Na niongeze hili linalomuumiza Mmarekani kwetu sisi wa usukani wa kulia. General Motors wameondoka, Afrika Kusini waliondoka 2017, mwaka huo huo hisa zao za Nairobi wakaziuza ikawa Isuzu East Africa, Australia jina la Holden likazimwa 2020. Kila mwaka unaopita gari zao za usukani wa kulia zinapungua duniani, na zikipungua stelingi raki ya kulia (kile chuma kinachogeuza tairi ukizungusha usukani), dashibodi ya kulia, taa za upande wetu, vyote vinakuwa vya kutafuta. Injini utaipata hata ya usukani wa kushoto, raki hupati.

---

Mzee_wa_Mwaloni

Wanangu nawasalimu. Mimi si mtu wa magari, ni mtu wa ziwa, nimevua tangu nikiwa kijana na sasa nina mitumbwi ninawapa vijana. Lakini hili jambo mnalolijadili nimeliona kwa macho yangu kwenye injini za boti.

Zamani kwenye mialo yetu zilikuwepo Johnson na Evinrude, za Marekani. Zilikuwa injini nzuri, nyepesi, zinakimbia. Yamaha ilipokuja haikuwa na mbio kuzishinda. Lakini Yamaha walitoa injini ya aina moja wakaiacha hivyo hivyo miaka na miaka, ile Enduro, ya leo na ya zamani zinabadilishana vifaa. Ikafika mahali ukiwa Ukara usiku, plagi imekufa, unagonga mlango wa mwenye duka anakupa plagi, wota pampu, hata pini ya kushikia propela anayo kwenye kopo la maziwa pamoja na misumari. Johnson ikikufia kisiwani unasubiri mtu wa kwenda Mwanza. Ziwani kusubiri ni hatari, unaweza kusukumwa na upepo usiku kucha mpaka huko usikokujua. Basi mmoja mmoja wakaziacha. Evinrude yenyewe wenyewe waliacha kuitengeneza mwaka 2020, niliposikia nilisikitika maana injini yangu ya kwanza ilikuwa hiyo.

Wewe kijana wa nyavu unatuuzia nyavu na unakuja mpaka huku Lamadi, ukikwama na nyavu zetu sisi hatuendi ziwani. Hilo nalo liweke kwenye hesabu yako.

---

Nyavu_Kirumba

Shikamoo mzee wangu. Umenifikirisha sana, sikuwa nimeangalia upande wenu kabisa.

Leo nimefunga duka mapema nikafanya kitu alichosema Fundi. Nimezunguka maduka ya spea, nimeanzia Nyakato nikaja mpaka mjini, maduka tisa. Nimeandika kwenye karatasi vitu vinne tu vya kawaida, brekipedi za mbele, wota pampu, koili moja, na mkono wa chini wa mbele wenye boli joiti yake, nikauliza gari zote mbili. Harrier vyote vinne nimevipata duka la kwanza, wakaniuliza nataka oji, kopi au mtumba, kijana akapanda ngazi akashusha na boksi akaliweka mezani nikalishika. Jeep nimepata brekipedi duka la sita, wota pampu wakasema waagize Dar siku nne, koili duka la nane ipo moja haina boksi, na mkono wa chini kila mtu alinitazama akaniambia niache namba.

Nikakaa nikapiga na wese. Mimi natembea kilomita kama 500 kwa wiki. Jeep mwenye nayo mwenyewe kaniambia inakwenda 8 kwa lita, hiyo ni lita 62 na nusu. Harrier nikiiweka 10 ni lita 50. Lita ikiwa elfu tatu tofauti ni 37,500 kwa wiki, kwa mwaka inakaribia milioni 2. Hiyo ni pesa ya mzigo mzima wa nyavu za dagaa.

Jeep yenyewe nimeikagua na mwenye nayo, ni mtu mwaminifu, ana faili la risiti zote na rilei ya nje ipo kweli imefungwa. Sina baya la kusema juu ya gari yake. Nimempigia nikamwambia siichukui, na nilivyokata simu nilijisikia vibaya kidogo kwa kweli.

---

DadaNyegezi

Itapita kaka. Mimi bado nikiiona barabarani ile niliyouza nageuka kuiangalia.

Ila kabla ya Harrier kuna kitu hakijasemwa hapa na kinaua watu. Eabegi za Takata. Ni kampuni ya Japani, ilifilisika 2017, eabegi zao zilifungwa kwenye mamilioni ya gari, Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na hata za Marekani na Ujerumani. Ile baruti ya ndani ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, gari ikigongwa kidogo tu eabegi inalipuka kupita kiasi inarusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Sisi tuko ziwani, joto tunalo na unyevu tunao, na gari zetu nyingi ni za miaka hiyo hiyo. Chukua namba ya chesisi uiingize kwenye tovuti ya Toyota uone kama gari ilikuwa inadaiwa matengenezo hayo na kama yalifanyika kabla haijatoka Japani. Haikugharimu kitu. Mimi niliangalia ya gari yangu ya sasa nikiwa nimeshaiendesha mwaka mzima na watoto ndani, na siku ile sikulala.

---

Ranger_Geita

Hilo la dada ni la maana kuliko yote tuliyoandika. Na kwa watakaosoma huu uzi wakiwa wanataka Jeep ya mbele kidogo, za 2014 na 2015 zina gia ya kielektroniki ambayo ukiiachia inarudi katikati, mtu anadhani ameweka P kumbe haijaingia. Aprili 2016 waliita gari zaidi ya milioni moja kwa hilo, na Juni mwaka huo mwigizaji Anton Yelchin alifariki nyumbani kwake Los Angeles baada ya gari yake kurudi nyuma kwenye mteremko ikambana. Sasa fikiria mtu anaishi Isamilo au Bugarika, anapaki juu ya jiwe anashuka kufungua geti. Vuta hendibreki kila siku, gari yoyote ile.

---

Nyavu_Kirumba

Dada namba ya chesisi nimeichukua sasa hivi kwenye picha ya yadi, nimeingiza, haidaiwi kitu. Asante sana, kwa kweli hata sikujua kama unaweza kuangalia hivyo.

Fundi kesho kutwa Jumamosi una nafasi twende wote Nyakato? Nitalipia muda wako. Niambie na mambo ya kuangalia kwenye hiyo 2AZ ili nisisimame tu kama mgeni.

---

FundiBuzuruga

Nina nafasi asubuhi. Tukutane saa 12 na nusu kabla yadi haijachangamka.

Kuna jambo moja kubwa kuliko yote, piga simu leo mwambie kijana wa yadi hiyo gari asiiwashe kabisa Jumamosi mpaka tufike. Wanapenda kuipasha moto kabla mteja hajaja, na injini ikishapata moto inaficha mengi. Nataka nishike rejeta iwe ya baridi, nifungue kifuniko, niangalie maji yako usawa gani na kama yana rangi yake au yamekuwa kama chai. Nitachomoa kijiti cha oili nikipanguse nikirudishe, tuone imefika wapi na ina harufu gani. Halafu wewe utawasha, mimi nitakuwa nyuma kwenye ekzosi nimeshika kitambaa cheupe, nikuangalizie moshi wa mwanzo kabisa, ule wa sekunde kumi za kwanza, ndio unaosema kama inakula oili. Baada ya hapo tunaiacha sailensi nusu saa na feni ijiwashe mara mbili, tunaipandisha mlima tukiwa watu watano, tukirudi namulika nyuma ya bloku pale bolti za hedi zilipo.

Na mashine ya kupimia nakuja nayo. Wewe njoo na tochi yenye betri mpya na hizo nyavu zako mbili tatu zilizolowa, tuzipakie tuone gari inakaaje.